Gitaa la Mashoto

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimepata wazo na siwezi kukaa chini! Naandika nimesimama, daftari liko juu ya friji.

Leo kazini hakukuwa na wateja. Mota mbili za pampu tulimaliza kuziwaindi, kuzizungushia waya mpya, asubuhi, tukabaki tunasikiliza redio. Benson, fundi mwenzangu, akachukua ufagio akaufanya gitaa. Benson ni mashoto, kila kitu kwake kiko upande wa pili — bisibisi, kijiko, hata saini. Sasa alivyoushika ule ufagio, mkono wa kulia ndio ulikuwa unabana nyuzi, wa kushoto ndio unapiga. Nikamwambia umeshika vibaya. Akasema hapana, kuna watu wanapigaga hivyo, magitaa yao yanatengenezwa kinyume.

Nikaacha kucheka pale pale. Mkono wa kulia ndio unabana!

Baba mkono wake wa kulia ni mzima.

Niandike yote hata kama nayajua, kichwa kinakimbia mno. Kabla sijazaliwa, baba alikuwa anapiga solo kwenye bendi ya dansi kule Temeke. Gaudens wa solo, ndivyo walivyomwita. Baadaye akapiga kwaya ya parokia hapa Kibamba. Mwaka juzi mashine ya randa ikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete. Vitanda na makabati anaendelea kutengeneza. Gitaa aliwaachia kwaya, hata kuwaaga hakuwaaga. Redio ikipiga dansi anatoka nje, anajifanya anakagua mbao.

Mkono ule haufai kubana nyuzi tena. Ila kushika pleki, kile kibati cha kupigia nyuzi? Gumba lipo. Cha shahada kipo. Pleki haihitaji zaidi ya hivyo.

Nitamtengenezea gitaa la mashoto. La umeme. Sijawahi kutengeneza hata kigoda. Sijui naanzia wapi. Jamani, nina furaha!

Jumapili, 6 Julai

Nimeshadanganya. Siku ya kwanza tu!

Baada ya misa nilimfuata baba karakana — karakana yenyewe ni banda la mabati nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni. Alikuwa ananoa patasi. Nikamuuliza kama naweza kupata kipande cha mninga, kipana, kikavu. Cha nini? Nikasema cha gitaa. Akaacha kunoa. Hakuniangalia. Akasema kwenye banda lake hataki habari za magitaa.

Hapo mdomo ukajiendea wenyewe. Nikasema si la kwangu, ni la mteja. Mtu wa kazini kaniulizia. Anaitwa Praygod, anakaa Kigamboni, ni mashoto, madukani hapati gitaa la upande wake.

Baba akarudi kwenye patasi yake. Nikawa naondoka, ndipo akasema, kama anaiambia patasi, kwamba mninga mzuri upo chini ya meza, ila shingo nisithubutu kuifanya ya mninga, itakuwa nzito, gitaa litaanguka mbele.

Kwa hiyo Praygod yupo. Anakaa Kigamboni. Mungu nisamehe.

Jumanne, 8 Julai

Nilitoka kazini mapema. Nimechora umbo juu ya mbao, nikaanza kukata kwa msumeno wa mkono. Nilikuwa naona naenda vizuri sana. Kumbe baba kasimama dirishani. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Akaingia. Akasema anawaonea huruma wateja wangu. Akaninyang'anya msumeno, akageuza mbao, akanionyesha jinsi mishipa ya mti inavyokwenda, na kwamba ningekata nilivyokuwa nakata, pembe ya kando ya shingo ingemeguka mkononi. Halafu akakata mwenyewe. Ule mkono wenye vidole vitatu unaishika mbao kama jiwe.

Mie nikashika taa ya simu. Niliogopa nikisema neno atakumbuka kwamba hataki.

Jumatano, 9 Julai

Nimekuta mwili wa gitaa umekatwa wote. Pembe zote mbili. Umepigwa na msasa wa kwanza!

Nimemuuliza mama nani kakata. Mama kasema yeye anashona tu, haoni mambo ya karakana.

Jumamosi, 12 Julai

Baba kaenda Mwenge kwa wachongaji. Mwenyewe! Kavaa shati la kutokea. Wale wengi ni watu wa kwetu kusini, wengine alisoma nao Ndanda. Tangu ajali alikuwa anawakwepa.

Karudi jioni na kipande cha mpingo chini ya kwapa, kimefungwa gazeti. Cheusi tii. Kasema hicho ni cha ubao wa juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga, maana mtu wa Kigamboni na jasho la baharini atauharibu ubao mwingine wowote. Kwa hiyo anamfikiria Praygod. Anafikiria hata jasho lake!

Kaniuliza Praygod anapiga nini, solo au rithimu. Nikasema solo. Akatikisa kichwa akasema, basi freti za juu, zile za karibu na mwili, zifikike kirahisi, tutakata pembe ya chini ndani zaidi.

Tutakata. Kasema tutakata.

Jumatatu, 14 Julai

Leo zamu yangu. Pikapu — kile kidude cha sumaku kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa mtetemo wake. Ndani ni waya wa shaba tu, mwembamba kama unywele, umezungushwa kwenye sumaku maelfu ya raundi. Kuzungusha waya ndiyo kazi yangu! Tofauti ni kwamba mota ni mnyama, hiki ni kidudu.

Kwa mkono haiwezekani. Nikaangalia cherehani ya mama. Pale pembeni pana kile kigurudumu cha kujazia bobini. Nikabandika sumaku pale kwa gundi ya karatasi, mama akakanyaga, mie nikaongoza waya kwa vidole. Ukakatika. Tena ukakatika. Mara ya tatu mama akasema nimuachie yeye mwendo, nisimwambie haraka wala polepole, yeye amekanyaga cherehani hiyo kabla ya mie kuzaliwa. Ukaenda! Nilikuwa sipumui. Tumejaza mpaka ukingoni, waya haujakatika, nimepima na mita — umeme unapita!

Nilimrukia mama. Ndipo akauliza, Praygod ni nani hasa, maana kazini kwako namjua kila mtu.

Nikamwambia ukweli wote.

Mama hakucheka. Alizima redio. Akasema, "Baba yako alikaa miezi hasemi, Editha. Wewe ulikuwa bweni, hukuona. Ukimvunja mara ya pili, nani atamuunga?"

Lakini mbona anavaa shati la kutokea? Mbona kaanza kupiga mluzi?

Ijumaa, 18 Julai

Shingo imeunganishwa na ubao wa mpingo. Imebanwa kwenye klampu tangu juzi. Leo tumeifungua — imenyooka kama rula!

Halafu balaa. Baba kasema hawezi kuchonga mgongo wa shingo bila mwenyewe kuishika. Kuna watu viganja vyao vipana, kuna wa vidole vifupi. Mwambie Praygod aje Jumapili.

Nikasema Praygod kasafiri. Wapi? Morogoro. Anarudi lini? Haijulikani.

Baba akaweka patasi chini, akasema basi tutasubiri.

Nikaona miezi ya kusubiri. Nikasema, "Baba, shika wewe. Mkono wake unafanana na wako."

Akanitazama kidogo. Akaichukua shingo kwa mkono wa kulia. Alianza kuishika kama mtu anayeshika mpini wa jembe. Halafu gumba likasogea, likakaa nyuma. Vidole vikaja mbele, vikaketi juu ya mpingo kimoja kimoja. Alifumba macho.

Akasema iwe nyembamba kidogo hapa. Akachonga. Akashika tena. Akachonga. Mie nilikuwa nafagia takataka za mbao ambazo nilishazifagia.

Sijui kama amejua. Sijui kabisa.

Jumatano, 23 Julai

Hakuna umeme siku nzima. Baba kachonga tu.

Jumapili, 3 Agosti

Sijaandika siku nyingi kwa sababu ya freti. Zile pao za chuma juu ya shingo, kila moja ina mfereji wake, na mfereji ukikosea kwa unene wa kucha, gitaa zima linaimba uongo. Nilipiga hesabu kwa simu, baba akakata. Hataki mie nikate. Anakata, anapuliza vumbi, ananiambia inayofuata. Tumekuwa tunazungumza hivyo tu, namba na vumbi. Sijawahi kuwa na raha hivi nyumbani kwetu.

Leo tulichemsha mfupa wa ng'ombe. Mama alinunua nyama ya supu, tukaugombea mfupa kabla hajautupa. Baba kauchonga ukawa kidaraja cheupe, kile cha juu kabisa kinachopitisha nyuzi kuelekea kwenye vifungo vya kuzikazia. Kizuri kama jino. Akakipandisha mahali pake, akaweka nyuzi kujaribu — nyuzi hazikai. Nene inaelea, nyembamba inazama.

Amekichonga cha mtu wa kulia! Mikono imefuata mazoea ya miaka yote.

Nilingoja akasirike. Akakitazama, akanitazama, akaanza kucheka. Kicheko cha tumboni, mpaka mama akatoka na uzi mdomoni kuuliza kuna nini. Baba akasema Praygod atatushtaki.

Tukachemsha mfupa mwingine.

Jumatano, 13 Agosti

Vanishi ya mwisho imekauka. Mninga umekuwa mwekundu kama chai ya rangi. Naenda kuuangalia kila nikipita. Nimechelewa kazini kwa sababu ya kuangalia gitaa! Benson anasema nimechanganyikiwa. Vifungo, daraja la chini na vipande vya umeme nimepata Kariakoo. Mama kashona mkanda wa begani, ngozi ndani, kitenge nje. Kaupima begani kwake, akasema kwa mtu mrefu uongezwe. Baba ni mrefu. Mama hajasema tena habari ya kuvunjika.

Jumatatu, 18 Agosti

Baba kampigia simu Augustine!

Augustine alipiga rithimu nyuma ya baba kwenye ile bendi. Aliingia pale kijana asiyejua hata kukaza nyuzi, baba akamfundisha kila kitu, nyumbani kwake, kwenye godoro. Baada ya ajali Augustine alikuja hospitali, alikuja nyumbani, alipiga simu mpaka akachoka. Baba hakutaka kuonana naye. Na leo kampigia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida tu, kama waliachana jana! Nilimsikia kupitia mabati. Anamwambia nina kazi hapa ya kukuonyesha, gitaa la mashoto, njoo Jumapili na amplifaya yako, na mwenye gitaa atakuwepo, utamsikia.

Mwenye gitaa atakuwepo.

Nina furaha na woga. Mwenye gitaa atakuwepo, ndiyo. Ila hajui!

Jumanne, 19 Agosti

Mama kasema nimwambie leo. Nimeingia karakana mara tatu. Mara ya kwanza nimeomba msasa. Mara ya pili nimerudisha msasa. Mara ya tatu alikuwa anapiga mluzi.

Jumamosi, 23 Agosti

Limelia. Limelia!

Niliunganisha nyaya asubuhi, nikachoma risasi ya kulehemu kwenye kila kiungo kama naapa. Amplifaya hatuna, nikachomeka kwenye sabufa ya sebuleni, tukavuta waya mpaka mlangoni. Baba kakaza nyuzi zote kwa sikio. Halafu akaniambia nipige uzi mmoja, wowote.

Nikapiga ule mnene. Nyumba ikajaa! Vikombe vikatetemeka kabatini. Sauti nene, tamu, haina kelele ya umeme hata kidogo — pikapu yangu! Waya wangu! Mama akashika kichwa. Nikapiga tena, na tena, wala sijui kupiga, napiga uzi mtupu kama mtoto anayegonga sufuria. Baba alikuwa amesimama na mkono wa kushoto mfukoni, anasikiliza mpaka sauti ife yenyewe.

Akasema sasa mpigie Praygod. Mwambie kesho saa sita, asichelewe.

Mama akarudi jikoni. Nikawa peke yangu na baba, na gitaa liko mapajani kwangu.

Nikasema Praygod hayupo. Nikasema hajawahi kuwepo. Nikasema yote, haraka haraka, Benson, ufagio, pleki, vidole viwili vinatosha baba, mkono wa kulia ndio unabana, shingo umejipimia mwenyewe. Nikalia katikati, nikaendelea.

Nilipomaliza alivuta kigoda akakaa. Akautoa ule mkono mfukoni, akaulaza gotini, akawa anautazama kama si wake.

Akasema, "Mie nilishaacha kutamani, Editha. Hujui ilinichukua nini kuacha."

Nikasema nisamehe.

Akasema, "Nikianza upya nitapiga kama mtoto. Mbele ya Augustine. Mie."

Halafu akainuka, akachomoa waya kwenye sabufa, taratibu, akaukunja vizuri. Gitaa hakuligusa. Akatoka nje kwa mlango wa uani na hajasema neno tangu hapo. Amekula. Ameangalia taarifa ya habari. Nimemwambia nitampigia Augustine asije. Akatikisa kichwa. Sijui maana yake ni usipige, au ni usinisemeshe.

Mama ananipita bila kuniangalia. Hajanigombeza, na ni vibaya zaidi.

Gitaa nimelitundika karakana. Hata sasa ni zuri. Ndiyo ninachoshindwa kuelewa, bado nikilifikiria moyo unaruka.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika jikoni, karibu na mlango, wapo nje hivi sasa. Mikono ina vitunguu. Lazima niandike kabla haijanitoka!

Misa ya kwanza tulikwenda wote. Tuliporudi baba akaenda moja kwa moja karakana. Nilisikia anafagia. Nikajua anafunga banda, basi, imekwisha.

Saa sita kamili Augustine huyo, amebebwa na bodaboda, amplifaya imefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Kazeeka! Nywele nyeupe, kitambi. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akaniuliza mzee yuko wapi. Baba akatoka bandani. Wakatazamana. Augustine hakuutazama ule mkono, aliutazama uso tu. Wakashikana, wakakaa hivyo bila kuachiana, na baba ndiye aliyemsalimia kwanza.

Akamkaribisha kiti chini ya kivuli cha bati, akaleta gitaa. Augustine akalipokea kwa mikono miwili. Aligeuza, akanusa, akapitisha kidole kwenye mpingo. Akasema haamini. Akajaribu kulipakata, halikai — kila kitu kwake kiko upande usio wake. Akacheka, akasema hili ndugu yangu siwezi, hili mwenyewe aje. Yuko wapi mwenyewe?

Mie nilikuwa na sinia la chai. Nilisimama na sinia.

Baba akalichukua gitaa. Akavaa ule mkanda alioushona mama, kichwa kikapita kwanza, halafu bega. Akakaa kwenye kigoda. Pleki sikuona ameitoa wapi, ila ilikuwa tayari katikati ya gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Akasema, "Mwenyewe ndiyo mie. Nionyeshe G."

Augustine akaitazama pleki.

Baba akasema, "Nilikuonyesha wewe, sikukucheka. Nionyeshe."

Augustine alivuta kiti chake mpaka magoti yakakaribia kugusana. Gitaa lake hakuja nalo, akachukua kipande cha mbao pale chini akakipakata, akapanga vidole vyake vya kushoto juu yake kwa umbo la G, ile ya nyuzi kupigwa pamoja. Na wakawa kama mtu na kioo! Mkono unaobana wa huyu unatazamana na unaobana wa yule. Baba alikuwa anaangalia tu vidole vya mwenzake na kuvifuatisha, hahitaji kugeuza kitu kichwani. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Akapiga. Vibaya! Uzi mmoja ulikufa, mwingine ukalia kama nyuki. Augustine akasema kidole cha pete nyuma kidogo. Akapiga. Vibaya tena. Akasema neno la Kimakua ambalo mama hataki tuseme. Vidole vyake vya kulia vigumu kwa nyundo na msumeno lakini kwa nyuzi ni vya mtoto, niliona anavipuliza. Mama kasimama nyuma ya pazia na mwiko. Nikamwona baba ameuma mdomo, jasho linamtoka, uso wake sijui nauitaje, si wa furaha — uso wa mtu anayetafuta kitu alichokiangusha sasa hivi tu.

Mara ya nne au ya tano, nyuzi zote zikalia pamoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Baba akasema, "Tena."

Nimekimbilia humu kwa sababu ya wali, au kwa sababu ya machozi, sijui. Nawasikia. Augustine anamwambia apumzike, vidole vitachubuka. Baba anasema tena. G. Tena G. Sasa anajaribu kutoka G kwenda C, anachelewa, pengo zima liko wazi katikati. Tena.

Kuna kitu kimelia puu. Uzi umekatika — ule mwembamba. Mama kaacha kukoroga. Augustine naye kanyamaza. Sitoki mpaka nisikie.

Baba anaita. Anauliza kama tuna uzi mwingine.